Masafa ya Ndege, Mwendo wa Mtu

Baina ya Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, na uwanja wa ndege wa Sumbawanga kuna masafa ya takriban kilomita 860. Hayo ni masafa ya ndege, yaani ya mstari ulionyooka kadiri umbo la dunia linavyoruhusu. Mstari usiojua mto wala mlima, usiozunguka shamba la mtu wala kusimama kwenye mizani. Ndege ndogo ya injini moja, ya namna ile iendayo Pemba kila siku na abiria wake kumi na wawili, ingeyakata masafa hayo kwa muda wa saa tatu hivi. Ndege kubwa zaidi ya panga boi, yenye viti sabini na ushei, ingehitaji chini ya saa mbili. Mtu angekunywa chai ya asubuhi Kisauni na kuiwahi chai ya saa nne Sumbawanga.

Hesabu hiyo ni sahihi, wala hapana wa kuipinga. Ila kuna jambo ambalo hesabu hiyo haikuulizwa, kwa hiyo haikulijibu: abiria huyo anakwenda wapi? Hakuna mtu aendaye uwanja wa ndege kwa ajili ya uwanja wa ndege. Kila aendaye anakwenda kwa mtu, na mtu huyo hakai kwenye lami. Mathalani, anakaa Ilemba.

Ilemba isichanganywe na Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambayo jina lake wasomaji wengi wa pwani wamewahi kulisikia. Ilemba ni kijiji na kata ya mkoa wa Rukwa, nacho hakipo kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ulipo mji wa Sumbawanga. Kipo chini, katika bonde la Ziwa Rukwa. Mji umekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa limelala kwenye mita 800 hivi. Baina ya viwili hivyo imesimama safu ya Lyambalyamfipa, na ardhi inaporomoka kiasi cha mita elfu moja katika mwendo mfupi. Juu kuna baridi, ulezi, maharage na mahindi. Chini kuna joto, mpunga, ufuta na mbu. Mtu wa bondeni akisema "napanda mjini" hatumii tamathali ya usemi. Anapanda kweli.

Sasa na auchunguze msomaji mstari ule ulionyooka. Unatoka Unguja, unavuka mkondo wa bahari na kuingia bara karibu na Bagamoyo, unapita kaskazini ya Morogoro, unakaribia Kilosa, kisha Mtera, unakata misitu ya kaskazini ya Ruaha, halafu unalivuka Ziwa Rukwa na bonde lake kabla ya kuparamia ukingo na kutua Sumbawanga. Maana yake ni hii: mtu wa bonde akiruka kutoka pwani kwenda kwao, atapita juu ya nchi yake mwenyewe dakika chache kabla ya kutua. Pengine ataliona ziwa likimeremeta, na mashamba ya mpunga, na moshi wa majiko. Kisha ndege itampitisha, itamshusha upande wa pili wa safu, na hapo atalazimika kurudi kwa barabara kule alikokuona kwa macho. Ndege imemkaribisha mpaka imempitiliza.

*

Kuna msafiri mmoja aendaye njia hiyo kila siku bila ya tiketi, nalo ni jua. Sumbawanga iko magharibi ya Unguja kwa nyuzi saba na nusu na ushei za longitudo, na jua hutumia dakika nne kuukata uzi mmoja. Hivyo basi, likisha kutua Unguja, hubaki na takriban nusu saa kabla ya kutua Sumbawanga. Saa za ukutani ni zilezile pahala pote pawili, kwa kuwa nchi nzima inafuata saa moja ya Afrika Mashariki. Lakini mfungaji wa Sumbawanga anayesikia redioni adhana ya magharibi kutoka Unguja hana ruhusa ya kuinua tende. Yeye angali mchana. Itambidi asubiri nusu saa nyingine, huku akijua kwamba ndugu zake wa visiwani wamekwisha kunywa uji.

Nusu saa hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha masafa baina ya pahala hapo pawili, kwani haiongezwi na foleni wala haipunguzwi na injini mpya. Lakini hata hiyo ina udhuru wake. Bonde la Rukwa liko chini ya ukingo wa Ufipa, na ukingo huo umesimama upande wa magharibi, mahali pa machweo. Jua halingoji kufika upeoni. Hujificha mapema nyuma ya safu, na kivuli cha mlima kikaanza kutambaa mashambani ilhali juu mjini bado kweupe. Jua lililompa mtu wa Ilemba nusu saa kwa longitudo humnyang'anya tena sehemu ya hiyo kwa mlima. Mtu wa bonde hapewi kitu ambacho mlima hautozi ushuru.

Kiswahili kilizijua hesabu za namna hii kabla ya rula na ramani. Lugha inayo maneno mawili, na si bure kwamba inayo mawili. Masafa ni urefu wa nafasi baina ya kitu na kitu. Ni neno la wapimaji na mabaharia, na siku hizi ni neno la mafundi wa redio. Mwendo ni neno la miguu. Wazee walipoulizwa mji fulani uko umbali gani, hawakujibu kwa maili. Walisema: "Ni mwendo wa siku tatu." Na kama muulizaji alikuwa mgonjwa au ana watoto, walisema ni mwendo wa siku tano, na hawakuwa wamesema uongo mara zote mbili. Mwendo humhesabu aendaye. Ndiyo maana neno hilohilo hutumika kwa tabia ya mtu: fulani ana mwendo mzuri, fulani mwendo wake haupendezi. Masafa hayana tabia, mwendo unayo.

Watu wa pwani, zaidi ya wengine, hawakupata kuamini kwamba kwenda na kurudi ni safari moja iliyogeuzwa. Kaskazi humleta mtu kutoka Arabuni na kusi humrejesha. Aliyechelewa kusi alikaa mwaka mzima ugenini, akaoa, akazaa, na masafa ya Maskati yakabaki vilevile kama yalivyokuwa. Bonde la Rukwa nalo lina misimu yake. Wakati wa kiangazi gari huteremka ukingo likitimua vumbi, na abiria hufika wamebadilika rangi lakini wamefika. Wakati wa mvua, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, udongo hugeuka utelezi, makorongo hujaa, na dereva aliye na akili huegesha gari juu na kulitazama bonde kama nahodha anavyoitazama bahari iliyochafuka. Kijiji hakikusogea. Mwendo ndio uliosogea.

*

Historia ya pwani na Ufipa imepimwa kwa mwendo huo. Katika karne ya 19, misafara iliyofungwa Bagamoyo kwa mtaji wa Unguja iliingia bara kwa mwendo wa wapagazi. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Tabora mwezi Juni: miezi mitatu, na Tabora si Ufipa, kutoka hapo kulikuwa na majuma mengine ya miguu. Bidhaa za pwani, nguo na shanga, zilifika Ufipa. Lakini zilikuta nchi yenye mafundi wake. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, marefu kuliko mtu, na watu wa bonde la Rukwa walikuwa wakifuma nguo za pamba yao wenyewe. Nchi haikuwa mwisho wa dunia ikimngoja mgeni. Ilikuwa katikati ya dunia yake.

Safari kubwa kuliko zote iliyopita Ufipa kuelekea pwani ilikuwa safari ya maiti. David Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba. Waliizunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, wakapita Ufipa, wakafika Tabora, na mwezi Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Miezi tisa. Kutoka hapo mwili ulivushwa Unguja, ukapakiwa melini, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey mjini London, karibu mwaka mzima tangu roho kutoka.

Mengi yamesemwa juu ya uaminifu wa watu hao, na hapana haja ya kuyarudia. Linalofaa kuangaliwa hapa ni jambo dogo: kwamba kaburi moja liliweza kungoja miezi kumi na moja na nusu. Lilingoja kwa sababu dola nzima ilitaka lingoje, na kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa tayari kulifupisha pengo hilo kwa mabega yao. Makaburi mengine hayana subira hiyo, na hayana dola ya kuyasubirisha.

Ndege zilipoanza kuruka juu ya nchi hizi, njia yao iliipita Ufipa kando. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua safari ya London hadi Cape Town, ndege zake zilituliza magurudumu Dodoma na Mbeya kisha zikaendelea Mpika. Kwa mtu wa Rukwa, ndege ikawa jambo la Mbeya, na kwa muda mrefu imebaki hivyo. Uwanja wa Sumbawanga ulikuwa wa changarawe kwa miaka mingi, wa ndege ndogo zinazokuja kwa majaliwa, hata ulipoanza kujengwa upya katika miaka ya 2020. Uwanja wa Songwe, nje ya mji wa Mbeya, ulifunguliwa Desemba 2012, na tangu hapo aliyetaka kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Ufipa alishuka Songwe, akamalizia kwa gari kupitia Tunduma.

Barabara hiyo ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224 hivi, ina undugu na visiwa ambao wengi hawaujui. Mwezi Februari 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698. Katika fungu hilohilo moja zilitoka fedha za kuitia lami barabara ya Ufipa, za kujenga barabara za vijijini Pemba, za kuutengeneza uwanja wa ndege wa Mafia, na za kulaza chini ya bahari waya mpya wa umeme kutoka bara hadi Unguja. Taa ya mtu wa Mjini Magharibi na safari ya mtu wa Laela vililipwa kwa hundi moja. Kabla ya lami, mvua zikinyesha, njia hiyo ilikuwa ya siku nzima, na pengine ya siku na usiku. Baada ya lami ikawa ya saa nne au tano. Hapana ndege iliyowahi kuwaletea watu wa Ufipa ufupisho wa namna hiyo.

*

Lakini mwulize mtu yeyote wa mtaani, Unguja au Dar es Salaam, usafiri wa Sumbawanga ni upi, naye atacheka na kujibu kwa neno moja: ungo. Katika masimulizi ya nchi hii, Sumbawanga na Pemba ni mapacha. Mmoja yuko mwisho wa magharibi na mwingine mwisho wa mashariki, na husemwa kwamba wajuzi wao huonana usiku, kwa ungo, wakarudi kabla ya jogoo wa kwanza. Baina ya uwanja wa ndege wa Pemba na ule wa Sumbawanga kuna kilomita 950 hivi. Kwenda na kurudi ni 1,900. Ungo hauhitaji lami, taa za kutulia, wala kibali.

Ni mzaha, na mzaha huo una sumu. Umewafanya watu wa pahala hapo pawili watazamwe kwa jicho la pembeni kila waendako, na popote tuhuma za uchawi zinapoaminiwa, wanaolipa ni vikongwe wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Aghalabu husahauliwa kwamba jina lenyewe la Sumbawanga, kwa Kifipa, ni amri: tupa uchawi. Mji uliojiita kwa kuukataa uchawi ndio uliobandikwa uchawi. Na ungo, katika nyumba ya Mfipa, ni chombo cha kupepetea ulezi.

Hata hivyo, ndani ya mzaha huo mna jambo la kulifikiri. Kwa nini hadithi ya ungo haikubandikwa mji wenye reli na bandari? Kwa nini imepewa kisiwa ambacho bahari ilikitenga, na uwanda ambao ukingo uliutenga? Yamkini hadithi ya ungo ni hadithi ya hamu. Mahali ambapo mtu aliye mbali hawezi kufikwa kwa wakati, masimulizi humtafutia chombo. Wanaosimulia huona humo uovu. Lakini tazama anachokifanya huyo msafiri wa ungo: anavuka nchi nzima kwa usiku mmoja, anaonana na watu wake, na asubuhi yuko kazini. Ondoa uchawi, na kitakachobaki ni ombi la kila mtu aliyeacha wazazi mbali.

*

Yuko kijana mmoja wa Ilemba, fundi uashi, aliyeishi Unguja miaka kadhaa akijenga nyumba za watu. Habari yake ni habari ya wengi, na jina lake halihitajiki. Jioni moja ya Jumatatu, mwezi wa Machi, alipigiwa simu na kaka yake. Simu kutoka bonde la Rukwa hadi Ng'ambo ya Unguja haina masafa. Sauti ilifika kama iliyotoka chumba cha pili.

"Mdogo wangu, umekaa?"

"Nimekaa, kaka."

"Mama ametutoka."

Hayo yalikuwa saa moja jioni. Saa moja na nusu wenzake wa kazi walikuwa wamekwisha kujua, na kabla ya saa tatu walikuwa wamechangishana. Fedha za sanda na za chakula cha msiba zilirushwa kwa simu na kufika Ilemba kabla mtumaji hajalirudisha simu mfukoni. Kwa zilizobaki walimkatia tiketi, kwani basi lingekula siku mbili. Kaka akaulizwa: je, mtangoja? Akajibu, baada ya kuwauliza wazee: "Tutangoja mpaka Jumatano mchana. Zaidi ya hapo, mdogo wangu, wewe mwenyewe unalijua joto la huku."

Jumanne asubuhi aliruka kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, dakika ishirini. Akangoja. Akaruka hadi Songwe, saa moja na dakika ishirini hivi. Hapo ndipo ndege ilipokomea, na hapo ndipo safari ilipoanza. Gari hadi Tunduma, foleni ya malori ya mpakani, basi la Sumbawanga, Laela ikapita gizani. Saa tatu usiku alikuwa mjini, na hakuna gari lililokuwa linateremka bondeni usiku huo wa mvua. Akalala kwa jamaa, kama kulala kuliwezekana. Alfajiri alipata nafasi nyuma ya gari la mizigo. Ukingoni utelezi ulikuwa umekwisha kuamua nani apite na nani asipite. Gari likainamia upande wa korongo, abiria wakashuka, wakalisukuma, likakataa. Vijana wakaondoka kwa miguu, naye miongoni mwao, viatu mkononi. Kutoka zile kona za juu alikuwa analiona bonde lote, na ziwa nyuma yake. Angeweza kuonyesha kwa kidole upande ilipo nyumba yao.

Alifika saa kumi alasiri. Wazee walikuwa wamengoja mpaka saa saba, kisha wakaongeza saa moja, kisha wakazika. Kivuli cha Lyambalyamfipa kilikuwa bado hakijafika shambani. Watu walikuwa bado wamekaa chini ya mwembe, na mmoja baada ya mmoja walimpa pole mbili, kama ada: kwanza pole ya safari, kisha pole ya msiba. Bibi mmoja, shoga wa marehemu, alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Umefika, baba." Hakusema umechelewa. Kaka yake alimpeleka kaburini na kumpa jembe. Udongo ulikuwa bado mbichi, naye akaongeza wake.

Basi na ihesabiwe safari hiyo. Kutoka simu ilipopigwa hadi jembe liliposhikwa zilipita saa arubaini na tano. Katika hizo, alizokuwa angani hazikufika mbili. Ndege ilifanya kazi yake yote, na kwa kasi iliyoahidiwa. Saa arubaini na tatu nyingine zilikwenda kwenye kungoja, kwenye foleni, kwenye giza, na kwenye kilomita chache za mwisho ambazo hazionekani katika mstari wa rula. Kilomita hizo za mwisho, zile za kutoka ukingoni hadi mlangoni, zilikula muda zaidi kuliko mamia ya kilomita za angani. Na ndizo zilizoamua.

*

Inasemwa kwamba dunia imekuwa ndogo. Kwa hakika, kila kilicho cha mtu kimekuwa chepesi isipokuwa mtu. Sauti yake husafiri papo hapo. Fedha yake humtangulia. Picha yake hufika ikiwa inacheka. Hapo zamani vyote hivyo vilikwenda pamoja naye kwa mwendo mmoja, katika mzigo mmoja: aliyetuma salamu alizituma kwa miguu ya mwenzake, na salamu na msafiri zilifika siku moja, zote zimechoka. Leo vimeachana. Habari ya msiba humfikia mtu kwa sekunde moja, kisha mwili wake huachwa nyuma siku mbili, ukipambana na matope, ukijua tayari yote yaliyotokea. Huo ni uchungu mpya. Mababu walioletewa habari ya kifo miezi mitatu baadaye walilia, lakini hawakupata kushindana mbio na kaburi.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema mbali ni kilomita ngapi, kwa sababu walijua kwamba mbali hupimwa na nyoka. Kwa mwenye biashara ya mchele, Sumbawanga na Unguja zimekaribiana sana, na kila lami mpya na kila uwanja mpya utazidi kuzikaribisha. Kwa mwenye mzazi bondeni mwezi wa Machi, zingali pale zilipokuwa. Uwanja wa ndege wa uwandani ni neema, na aliyeuona wa changarawe hawezi kuudharau wa lami. Lakini neema hiyo inaishia juu. Mtu wa Ilemba ataipokea nusu, na nusu nyingine ataingoja katika zile kona za ukingoni, ambazo hazipambwi kwa utepe wa kukatwa wala hazipigiwi picha.

Watu wa visiwa wanaijua nusu hiyo. Mtu wa Makoongwe au wa Kojani, akisha kushuka kwenye ndege Pemba, bado ana gari, kisha ufuo, kisha mashua, kisha kupwa na kujaa. Akiulizwa kutoka Unguja hadi kwao ni mbali kiasi gani, hatataja dakika thelathini za hewani. Atauliza kwanza: maji yako vipi? Naye wa Ilemba, akiulizwa swali hilohilo, atauliza: imenyesha?

Hayo ndiyo majibu ya wenye mwendo. Masafa hujibiwa kwa tarakimu, na tarakimu zipo, 860, hazipungui wala hazizidi. Mwendo hujibiwa kwa swali, kwa sababu haujulikani mpaka ajulikane aendaye, na msimu, na nani anamngoja kule mwisho, na muda gani atakayengoja anaweza kungoja.